Kuchungulia rejista kupitia draiva: printk, sysfs au debugfs?

Mvuvi_wa_Kodi
Wakuu, habari za jioni. Nina draiva ya Linux ya kipimajoto kinachofungwa kwenye vyumba vya barafu vya wauza samaki pale Deep Sea, Tanga. Chipu inaongea kwa I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha chipu), draiva inatumia regmap (maktaba ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya chipu). Mara mojamoja joto linaganda kwenye namba ileile mpaka wazime umeme na kuwasha. Nataka kuona rejista zina nini wakati huohuo imeganda, bila kubeba bodi kurudi nayo mezani. Nimejaza printk (amri ya kuandika ujumbe kwenye logi ya kerneli) kila kona, logi haisomeki tena. Mmoja kaniambia niziweke sysfs (mafaili ya kerneli kwa watumiaji), mwingine debugfs (mafaili ya kerneli kwa mafundi). Nyie mnaonaje?

FundiChumbageni
printk ni ya siku unaandika draiva, mkuu. Kifaa kikishafika kwa mteja ni kelele tupu. Zigeuze zote kuwa dev_dbg, ujumbe unaoweza kuwashwa na kuzimwa. Kama kerneli imejengwa na CONFIG_DYNAMIC_DEBUG, unawasha mistari unayoitaka tu kupitia /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control, wala huzimi mashine. Ila hiyo itakwambia draiva ilipita wapi. Chipu ina nini tumboni sasa hivi, haikwambii.

BintiSahare
Usiziweke sysfs, tafadhali. Kule sheria ni faili moja, thamani moja, na faili ukishalitoa ni ahadi: mtu ataandika skripti yake juu yake, na ukilibadili mwakani umemvunjia kazi. Ukimwaga rejista zote kwenye faili moja la sysfs na kupeleka draiva kwa wasimamizi wa kerneli, watakurudishia.

debugfs ililetwa na Greg Kroah-Hartman kwa kazi hiihii, imo tangu kerneli 2.6.11 ya mwaka 2005. Haina masharti ya umbo, unamwaga unavyotaka:

`debugfs_create_file("rejista", 0400, dir, chip, &rejista_fops);`

Hiyo rejista_fops unaipata kwa DEFINE_SHOW_ATTRIBUTE(rejista) baada ya kuandika rejista_show. Na usihangaike kukagua jibu la debugfs_create_file. Ikishindikana draiva iendelee na kazi yake, samaki wasioze kwa sababu ya faili la fundi.

Lakini umesema regmap. Basi hayo mengi unayo tayari, angalia /sys/kernel/debug/regmap/ chini ya jina la kifaa chako. Faili `registers` linakupa thamani zote. Tahadhari moja: rejista ambayo hukuitangaza kuwa volatile (inayobadilika yenyewe), na umewasha cache (hifadhi ya nakala), utaonyeshwa nakala iliyo kwenye kerneli. Chipu yenyewe haitaguswa. Unaweza kukesha ukitazama namba nzuri kumbe ni za jana.

Mzee_wa_Pangani
Vijana mnakimbilia kusoma tu. Soma kwanza karatasi ya maelezo ya chipu (datasheet). Kuna rejista za hali ambazo ukizisoma zinajifuta. Unafanya `cat` kutafuta kosa, na wewe mwenyewe ndiye umelifuta. Intarapti (ishara ya chipu kuiita prosesa) inakuja, draiva inakuta sifuri.

La pili ni umeme. Kama draiva inailaza chipu, iamshe kwa pm_runtime_resume_and_get kabla ya kusoma. Kwenye I2C ukisahau utapata kosa tu. Kwa rejista zilizo ndani ya prosesa yenyewe, saa yake ikiwa imezimwa, kuna bodi zinazoganda mashine nzima.

Kiomoni_Byte
Nawapinga kidogo. Huko Deep Sea nani ataingia na akaunti ya root? debugfs kwa kawaida ni ya root peke yake, na kerneli nyingi za bidhaa hazina kabisa, au lockdown (ulinzi wa kerneli) imeifunga. Kijana anayelinda chumba cha barafu anataka kujua kitu kimoja: kipimo kizima au kibovu? Hicho ndicho cha sysfs, na hwmon (sehemu ya kerneli ya vipimo vya joto na kadhalika) ina faili lake tayari, temp1_fault, kando ya temp1_input. Rejista debugfs, sawa, lakini msimnyime mlinzi habari yake.

BintiSahare
Kweli kabisa, hapo sibishi.

FundiChumbageni
Nyongeza: bila kugusa draiva, washa /sys/kernel/tracing/events/i2c/enable. Utaona kila baiti inayopita kwenye waya. Ni afadhali kuliko kutumia i2cget (amri ya kusoma chipu moja kwa moja) kwa nguvu wakati draiva inafanya kazi, mnagongana.

Mvuvi_wa_Kodi
Asanteni sana. Nimeingia kwenye regmap, faili `access` linanipa hivi:

`00: y n y n`
`01: y n y n`
`02: y y n n`

00 ni joto, 01 ni hali ya makosa, 02 ni mipangilio. Karatasi inasema 01 inajifuta ikisomwa. Herufi ya mwisho ni nini?

BintiSahare
Ni precious, kaka, yaani rejista isiyosomwa ovyo. Kwa 01 inatakiwa iwe `y`. Andika precious_reg irudishe kweli kwa rejista hiyo, na `registers` haitaigusa tena. Kisha ndani ya intarapti, draiva ikishaisoma yenyewe, hifadhi thamani hiyo na muda wake, uonyeshe kwenye faili lako dogo la debugfs. Ikiganda tena, soma hilo kwanza, ndipo ufungue `registers`. Na mwambie kijana wa chumba asizime umeme kabla hujaingia.