Tupeane uzoefu: gari imechakaa na kila mwezi iko kwa fundi, uiweke au uiuze?

Mwenyeji wa Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu ni wa wanaoyajua magari ya huku kwetu visiwani. Gari ya miaka 15 au 20, leo rejeta, kesho bushi (mipira ya maungio ya chini ya gari), na mwenyewe hajui aendelee nayo au aiachie. Akiuliza huambiwa "uza tu" au "Toyota haifi", na hapo hajasaidiwa kitu. Naomba tuandike sehemu, vipimo na sababu.

Naanza na hesabu, maana ndipo wengi wanapokwama. Watu huchukua bili ya fundi wakailinganisha na bei ya gari. Hesabu hiyo haitoi jibu. Tuseme gari kama ilivyo leo inauzika milioni 7, na inataka milioni 2 za matengenezo. Ikishatengenezwa haitouzika milioni 9, itafika 8 kama mnunuzi ni mzuri. Kwa hiyo ukiitengeneza ili uiuze, umetupa milioni moja. Lakini ukiitengeneza ukae nayo miaka miwili, milioni 2 ni kama elfu 83 kwa mwezi. Sasa weka upande wa pili: gari nyengine ya milioni 15 inakutaka uongeze milioni 8, na tangu siku ya kwanza inaanza kushuka bei, na nayo itataka tairi, betri na oili kama hii.

Ukiandika madeni ya gari, yagawe. Yapo ya lazima leo: breki, usukani, tairi, boljointi (maungio ya magurudumu ya mbele). Yapo yatakayofika ndani ya mwaka. Na yapo ya raha, kama AC na rangi. Ya lazima na ya mwaka mmoja yakikaribia nusu ya bei ya gari kama ilivyo, simama ufikiri sana. Ya raha yasiingie kwenye uamuzi.

Fundi bodi, Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam. Hesabu ni sawa, ila isianzwe kabla gari haijainuliwa. Injini hununuliwa ikafungwa na gari ikatembea wiki hiyo hiyo. Sakafu iliyoliwa na kutu haiuzwi dukani. Kwa gari za visiwani, jibu la uweke au uuze liko chini ya gari kuliko kwenye boneti.

Sababu ni chumvi. Chumvi hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo bati linabaki bichi hata siku ya jua kali. Vumbi la barabara za kifusi nalo hujazana kwenye mikunjo likashika maji. Gari inayolala Nungwi, Paje au Jambiani mita chache na bahari haifanani na ya mwaka huo huo inayolala Mwera au Dunga.

Namna ya kukagua: inua gari kwa jeki, kisha iweke juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Chukua bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gonga. Bati zima hulia kavu, bati bovu hulia bubu na kumwaga magamba. Pale panapolia bubu, sukuma bisibisi. Anza na ukingo wa chini ya milango, hasa pale jeki inapokaa. Kisha pale lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) inapofungwa, memba ya mbele (boriti ya chuma iliyo chini ya injini), na kikombe cha juu cha shokapu ukifungua boneti. Fuata paipu za breki hadi nyuma, maana juu ya tangi la mafuta huoza bila kuonekana na siku ukikanyaga breki kwa nguvu ndiyo hupasuka. Mwisho nyanyua zulia upande wa abiria wa mbele. Kukiwa na unyevu na harufu ya ukungu, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Bati zima halibonyei.

Kutu ya uso, rangi ya chungwa, inafutika kwa brashi ya waya: kwangua, paka rangi ya msingi, paka ya juu. Gari hiyo weka. Kutu ya magamba kwenye sakafu au ukingo inachomeleka, na gari bado ya kuwekwa kama maeneo ni mawili matatu. Kutu iliyotoboa pale lowa amu au shokapu inaposhikilia, nasema bila kuficha: iachie. Noah, IST, Vitz, Spacio hazina chesisi (fremu ya chuma) ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ikioza pale, matairi hayanyooki tena na ukigonga kitu bodi hujikunja. Escudo za zamani na Prado zina chesisi ya ngazi, chuma kinene zaidi, kwa hiyo zinavumilia ukarabati, ila piga nyundo mikunjo ya nyuma juu ya ekseli kabla hujafurahi.

Ukiamua kuchomelea, simamia mambo haya. Bati bovu likatwe mpaka kufika kwenye chuma cheupe, kiraka kisibandikwe juu ya kutu. Bati la kiraka cha sakafu liwe la milimita 1 hadi 1.2. Betri ifunguliwe na soketi ya kompyuta ya gari ichomolewe kabla ya moto wa kwanza, la sivyo utalipa na kompyuta. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe kwa puti (lipu ya kujazia bati), maana maji yakikosa njia ukingo huoza kutoka ndani. Na msipulize oili chafu chini ya gari. Inalainisha mipira yote ya bushi, na mwaka haupiti unazibadilisha.

Fundi injini, Amani

Naongezea upande wangu. "Injini imekufa" ni neno linalouza gari nyingi ambazo hazikustahiki kuuzwa. Pima kwanza.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayokandamizwa ndani ya silinda, ni kazi ya saa moja: injini ipate moto, toa plagi zote, zuia mafuta, kanyaga akselereta mpaka chini, piga stata. Kwa injini kama 1NZ ya IST na Probox, silinda nzima hutoa kati ya psi 170 na 210. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti: silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Ikiwepo iliyo chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini) imeungua katikati yao.

Moshi nao unasema. Wa buluu asubuhi tu, kisha unapotea: sili za valvu, kazi ndogo. Wa buluu kila ukikanyaga: ringi. Mweupe mzito usioisha, na maji yanapungua: gasketi au hedi imepasuka. Mweusi: mafuta yanaingia mengi, tafuta sensa na chujio la hewa kabla ya kitu chochote.

Oili ikipungua chini ya lita moja kwa kilomita 1,000, unaweza kuishi nayo ukiangalia kijiti kila Ijumaa. Injini za 1ZZ za mwanzo wa miaka ya 2000 zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba. Kwa hizo, mara nyingi kufunga injini nyengine iliyotumika ni nafuu kuliko kuifungua iliyopo.

Sasa maji. Visima vya Unguja viko kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Ukijaza rejeta kwa maji ya kisima, chokaa huganda ndani ya vijia na hedi ya aluminiamu huliwa. Gari inaanza kuchemsha, fundi anatoa themostati (valvu inayoongoza joto la maji ya injini), joto linashuka kidogo na mafuta yanaanza kuliwa zaidi kwa sababu injini haipati moto wake. Kabla hujaiuza gari kwa sababu "inachemsha", badilisha rejeta, rudisha themostati, jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Fanya hivyo kama tu kipimo cha kompresheni kimekuwa kizuri.

Mkaazi wa Kiembe Samaki

Na Noah za D4 jee? Zinauzwa kwa bei ya kutupa na watu wanasema injini zake hazitengenezeki.

Fundi injini, Amani

Zinatengenezeka, ndugu yangu, ila ziangaliwe kwa jicho lake. Injini yao ya D4, yaani 1AZ-FSE, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haioshi valvu za kuingizia hewa. Masizi hujaa, gari ikatetemeka ikiwa imesimama na kukosa nguvu. Fungua manifodi, safisha masizi, safisha na throto, tia plagi za aina yake, kisha ndipo uilaumu pampu ya presha kubwa. Cha kuogopa ni kingine: nyuzi za bolti za hedi ndani ya bloku hulegea, na maji huvuja nyuma ya injini kati ya hedi na bloku. Mulika tochi pale. Ukiona alama nyeupe au ya waridi iliyokauka, hapo kazi ni kutia nyuzi mpya za chuma kwenye bloku, na si kila gereji inaiweza. Kama bodi pia imeoza, iachie.

Fundi umeme, Kariakoo Unguja

Langu fupi. Nusu ya gari zinazoitwa "zina umeme mbovu" zina ethi mbovu tu, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Chumvi hutia kutu ya kijani kwenye soketi na nyaya za ethi. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6, injini ikiwa inawaka 13.8 hadi 14.5. Kisha weka mita kati ya hasi ya betri na bodi, washa taa zote: ikizidi volti 0.2, safisha ethi kabla hujanunua sensa yoyote.

Dereva wa Chake

Kwa Pemba hesabu inabadilika. Barabara zetu ni milima na mabonde, Mkoani kuja Chake mpaka Wete, na giaboksi ya otomatiki huteseka. Vuta kijiti cha giaboksi: mafuta mekundu ni mazuri, ya hudhurungi yenye harufu ya kuungua yanaonesha klachi za ndani zinaliwa. Gari yenye CVT (giaboksi ya mkanda), kama Noah za kuanzia 2004, itiwe mafuta ya CVT tu. Ukichanganya na ya otomatiki ya kawaida mkanda wake huteleza, na hilo halirudi nyuma. Halafu ongezeni siku za kusubiri spea. Kitu kisichopatikana Chake kinakuja kwa boti kutoka Unguja au Dar, na gari ya kazi iliyolala wiki moja imekula mapato ya wiki moja. Hiyo ni gharama, iandikwe. Kwa sababu hii, huku gari ya kawaida yenye spea nyingi, IST au Probox, inafaa kuwekwa muda mrefu kuliko gari nzuri isiyo na wenzake.

Mwenyeji wa Fuoni

Ahsanteni sana. Kwa atakayekuwa ameamua kuuza:

Usipake puti na rangi mpya kabla ya kuuza. Mnunuzi anayejua atapita na sumaku ndogo, na pasiposhika ataacha kuamini hata kilicho kizima. Mwambie kasoro zote kwa mdomo na ziandikwe kwenye hati ya mauziano. Kuficha kasoro ya mali hakujuzu katika dini yetu, na mnunuzi akiigundua ana haki ya kuirudisha. Osha injini, lakini siku mbili tatu kabla, ili uvujaji wowote uonekane mapema na wewe uujue.

Gari za kubebea wageni, Noah, RAV4, Escudo, zitangazwe kabla ya Juni, wenye kazi wanapojiandaa na msimu. Na usimpe tamaa mnunuzi wa Dar: gari ya namba ya Z (iliyosajiliwa Zanzibar) kuhamia bara ni suala la forodha, aulize huko kwanza ajue kodi yake kabla hamjakubaliana bei.

Kama bodi imekwisha na injini nzima, uza vipande. Injini na giaboksi ziuzwe zikiwa bado zinawaka kwenye gari, mnunuzi asikie mwenyewe. Kompyuta na funguo zake ziende pamoja na injini. Taa, rimu, viti, kompresa ya AC na katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) viuzwe mbali mbali. Ganda likienda kwa wa chuma chakavu, toa namba zote mbili na ubaki na kadi, uzipeleke mwenyewe ofisi ya usajili gari ifutwe, zisije zikafungwa kwenye gari nyengine kwa jina lako.