Mwembe, mparachichi au mstafeli? Nafasi ni ya mti mmoja tu

Mjenzi_Mpya:
Habari za jioni wakuu. Nimehamia kwangu mwezi uliopita. Mbele ya nyumba pamebaki uwazi, nataka mti mmoja wa matunda na pembeni maua ya kupendezesha. Kitaluni nimekuta embe Kent, parachichi Hass na stafeli, yote wanasema miche ya kisasa. Kesho nabeba mmoja. Upi?

Bibi_Shamba:
Mwanangu, uko wapi? Njombe au Mtwara? Unauliza mti kama mtu anayeagiza kiatu bila kutaja namba.

Kijana_wa_Kitalu:
Na huo uwazi ni mita ngapi? Karo la choo liko upande gani? Maji unatoa wapi? Jibu hayo kwanza.

ChumaUle:
Maswali ya nini, apande mwembe. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, mwaka wa tatu au wa nne unachuma, si ule wa mbegu unaosubiri mpaka mtoto amalize shule ya msingi. Kent haina nyuzi. Tommy Atkins achana nayo, rangi nzuri kwa macho lakini ukimaliza kula unatafuta kijiti cha meno.

Dodo_Asili:
Kent ni embe la kusafirisha. Embe la kula nyumbani ni dodo. Nyie wa kisasa mnanunua jina.

ChumaUle:
Dodo lako nani atalipogoa likishafika juu ya bati? Na watoto wa mtaa wakianza kurusha mawe, vioo unalipa wewe.

Dodo_Asili:
Mwembe wowote usipoukata kichwa ukiwa mdogo utafika juu ya bati, hata hiyo Kent yako. Ukifika mita moja kata, uache matawi matatu au manne yaende pembeni. Tatizo lenu hamtaki kushika mkasi.

Mama_Nasra:
Mimi nasema stafeli. Halikui jitu, na Ramadhani juisi unayo uani. Shida yake ni vile vidudu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanaovichunga. Mimi huwa napuliza maji ya sabuni alfajiri.

Baba_Wawili_Mbagala:
Kijana, kabla hujashika hiyo Hass nisikilize, mimi imenila miaka minne.

Nilinunua miche miwili, nikachimba shimo la futi mbili kila upande, samadi ya ng'ombe, kila kitu. Miezi ya kwanza majani yanameta. Kiangazi kilipoingia ncha za majani zikaanza kuwa kahawia, kama mtu amezipitisha kwenye pasi. Nikasema kiu hiyo, nikaongeza maji. Ukahawia ukashuka pembeni mwa jani. Nikaongeza tena. Aliyeniuzia akasema weka mbolea, nikaweka, majani yakapukutika. Masika ikija miti inachipua vizuri mpaka nasahau, mvua ikikatika tunarudi palepale.

Siku moja akapita jamaa wa kilimo, rafiki wa shemeji yangu. Hakuangalia hata jani. Akauliza bomba liko wapi, akakinga kiganja, akaonja, akatema. "Kaka, unaumwagilia mti wako chumvi." Kisima changu hicho, sisi tumeshazoea, chai tunapikia maji ya dukani. Kumbe parachichi ni katika miti inayoshindwa na chumvi mapema kabisa, na kila nilipoongeza maji nilikuwa naiongeza.

Mmoja ulikufa. Wa pili nilipoung'oa nikakuta ule utepe wa nailoni wa kubebeshea bado umefungwa, umelikaba shina mpaka limeingia kiuno. Hakuna aliyeniambia kuwa utepe unafunguliwa.

Kijana_wa_Kitalu:
Pole sana mzee. Utepe tunatakiwa kumwambia mteja, wengine hawasemi.

Tanga_Raha:
Msitishe watu. Bibi yangu Pangani ana mparachichi tangu sijazaliwa, maparachichi kama vichwa vya watoto.

Bibi_Shamba:
Hilo ni la kienyeji, lile la maji mengi na mafuta kidogo, joto halilisumbui. Hass inataka baridi ya Rungwe na Njombe. Usichanganye ndugu wawili kwa sababu wana jina moja.

Tanga_Raha:
Sawa bibi, shikamoo. Lakini tamu.

Mjenzi_Mpya:
Samahani wakuu nilikuwa barabarani. Niko Kigamboni, udongo kichanga. Kutoka ukuta wa nyumba mpaka fensi ni mita tano. Karo liko hapohapo mbele. Maji ni ya kisima na ndiyo, yana chumvi kidogo.

Baba_Wawili_Mbagala:
"Kidogo."

Kijana_wa_Kitalu:
Mita tano na karo katikati! Hapo hata mwembe nasita, na wenyewe chumvi ikizidi unaungua majani. Komamanga kwenye pipa lililokatwa je? Chumvi inaivumilia kuliko hiyo mitatu. Fensini weka bogenvilia.

Mama_Nasra:
Bogenvilia ina miiba, ana watoto? Hakusema. Panda asumini, jioni nyumba nzima inanukia.

ChumaUle:
Asumini hailiwi.

Mama_Nasra:
Kwani kila kitu tumbo, kaka?

Mpita_Njia:
Yale maua ya oliyanda mengi barabarani, ya pinki, si yanafaa? Hayataki maji.

Bibi_Shamba:
Yana sumu, jani mpaka kijiti. Kwenye nyumba ya watoto na mbuzi usilete.

Mjenzi_Mpya:
Watoto watatu, mbuzi hatuna. Kuku wapo.

Dodo_Asili:
Kuku? Basi mche wowote uzungushie wavu, watafukua samadi yote siku ya kwanza.

Baba_Wawili_Mbagala:
Mimi sasa nakinga maji ya paa. Bati lote nimeliwekea mfereji, linaingia kwenye tangi, miche inakunywa hayo tu. Ndimu yangu imeanza kuzaa.

Mjenzi_Mpya:
Tangi la lita ngapi mzee, na mfereji umeweka wa plastiki au wa bati?

Tanga_Raha:
Bati inaoza kwa upepo wa bahari. Weka plastiki.

ChumaUle:
Plastiki inapasuka na jua. Nina mwaka wa pili nabadilisha vipande.