Kigari kimoja kinakwama konani: je, vitatu vitapata chanzo cha mvuke?

Habari zenu wakuu. Karakana yetu ya fanicha ina vyumba vitatu, na mvuke wa thina unatuumiza vichwa hata siku tusiyopiga vanishi. Kijana wangu anakohoa. Nimeunda kigari chenye sensa ya gesi, MQ-135, kifuate mvuke ulikozidi. Kinaishia kona ya nyuma ya kabati, na pale hapana kitu. Nikiongeza viwili?

Jibu: Mkuu, kona hiyo hewa imetuama, mvuke unajikusanya. Kimoja hakijui kama kwingine kumezidi. Vitatu vitapeana vipimo: kila kimoja kivutwe kuelekea mahali kilipopata kipimo chake cha juu, na mahali palipopatikana kipimo cha juu cha kundi zima. Watafiti Kennedy na Eberhart waliandika wazo hilo 1995. Mwaka 2021 watafiti wa Delft, Uholanzi, walirusha kundi la droni ndogo, chini ya gramu 40 kila moja, zikatafuta zenyewe chanzo cha gesi ndani ya jengo.

Jibu: Pima upepo pia, kigari kimwige nondo dume wa hariri. Akinusa jike hukaza mwendo kuelekea upepo unakotoka. Harufu ikipotea, huyumba kushoto na kulia. Tena namba za sensa hizo huchelewa kushuka, kigari kisimame kwanza.

Muulizaji: Nimezima feni ya dari, nikasimamisha kigari kila hatua. Namba imepanda mlangoni pa stoo: debe wazi la matambara yenye thina! Nimeyatoa nje. Vigari viwili naviunda bado.