Mama wa kambo kwenye katuni za ngano: nimwambie nini binti yetu?

Wa Langoni

Assalamu aleikum jamani. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Swali langu huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limenikaa kooni wiki ya pili hii.

Mume wangu alinioa akiwa na binti. Mamake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, sasa ana sita. Namlea mimi. Namsuka, namwogesha, na baba akiwa baharini analala ubavuni kwangu. Ananiita Mama, na hakuna aliyemfundisha kuniita hivyo.

Mdogo wangu alituletea flashi ya katuni, zile ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani zilizotengenezwa Japani na Nippon Animation kati ya 1987 na 1989. Vipindi vyenyewe ni 47, sisi tunavyo kama kumi. Vimetiwa sauti za Kiingereza, kwa hivyo mkalimani ni mimi. Tulianza na wanamuziki wa Bremen: punda, mbwa, paka na jogoo, wote wamezeeka, wote wamewatoroka mabwana zao kabla ya kuchinjwa au kutupwa. Hiyo aliipenda mno. Punda anawajua, kila asubuhi wanapita chini ya dirisha letu na mizigo ya mchanga. Wanyama walipopandiana migongoni na kupiga kelele kwa pamoja mpaka majambazi wakatimua mbio, alisimama kitandani akalia kama punda hasa, na mvuto ule wa pumzi mwishoni. Jirani akagonga ukuta.

Usiku wa pili tukaweka ile ya binti mweupe kama theluji. Stima ikapotea katikati. Akanishika mkono, "Malizia, Mama." Nikamalizia gizani kama nilivyoisoma shuleni: malkia analikata tufaha, yeye anakula upande mweupe, binti anapewa upande mwekundu, wenye sumu. Akauliza yule malkia ni nani yake. Nikajibu bila kufikiri: mama wa kambo. Ni nani mama wa kambo? Mke wa baba, mama akishakufa.

Akanyamaza. Nikadhani amelala.

Jumatano baba yake alirudi na matufaha. Nikalikata moja, nikampa kipande. Akakiangalia, akanirudishia. "Anza wewe." Nikauma. Akasema, "Si huko. Ule upande mwekundu."

Nikala upande mwekundu, naye akala. Hakulia, hakukasirika, akaenda kucheza. Mimi niliingia jikoni nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi na sikukuna chochote.

Wazazi wenzangu, nizifute? Ama niendelee kuzifasiri lakini niruke neno "kambo", niseme malkia basi? Naomba majibu ya watu waliolea, si ya kunipoza.

Mwalimu wa Chekechea, Malindi

Waaleikum salaam dada. Nina watoto 31 darasani, wa miaka mitano na sita. Neno usiliruke. Ameshalisikia, tena kwa kinywa chako. Ukianza kulikwepa ataona unalikwepa, na hapo ndipo atakapoogopa.

Hilo jambo la tufaha mimi silioni baya hivyo. Alikuwa na shaka akaja kuithibitisha kwako, mkononi mwako. Mtoto anayeogopa kweli huficha kipande chini ya mkeka akasema ameshiba. Nimewaona.

Kitu kimoja cha kujaribu: sitisha katuni kila baada ya dakika chache umuulize, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Katuni ikienda bila kusimama mtoto anabaki kuipokea tu. Na usiogope kuihamisha hadithi. Wamarekani walikuwa na mfululizo wa katuni kwenye televisheni ya HBO, ulioanza 1995, msimulizi wake Robert Guillaume, na kila ngano wakaipeleka kwa watu wengine. Yule msichana wa kofia nyekundu wakamfanya Mchina. Kama yeye alifika Uchina, hata Lamu atafika.

Baba Watatu

Mimi nasema futa. Mtoto yatima ana mengi ya kubeba, hana haja ya kuongezewa malkia wa sumu. Kuna katuni nyingi za kufundisha hesabu na herufi. Samahani kama nimekuwa mkali.

Msomaji wa Mkomani

Dada wa Langoni, kuna jambo nadhani hukuwahi kuambiwa, na ningependa ulijue kabla hujafuta.

Kitabu cha Jacob na Wilhelm Grimm kilitoka mara ya kwanza 1812. Katika chapa hiyo, malkia anayetaka binti auawe si mama wa kambo. Ni mama aliyemzaa. Chapa ya 1819 ndiyo iliyombadilisha. Hansel na Gretel ni vivyo hivyo: anayemshauri baba awatupe watoto mwituni kwa sababu ya njaa ni mama yao mzazi, na ilifika chapa ya 1840 ndipo akaitwa wa kambo. Wilhelm ndiye aliyekuwa akisawazisha maneno kila kitabu kikirudi mtamboni. Kitabu kilikuwa kimeingia majumbani mwa watoto, na mama mzazi wa namna ile hakukalika. Ikabidi apatikane mtu wa kubebeshwa. Ni kweli pia kwamba zama zile Ulaya wanawake wengi walikufa kwa uzazi, wajane wakaoa tena, basi mama wa kambo alikuwa karibu kila kijiji, lawama ikapata pa kutua.

Kwa hiyo yule malkia si wewe. Hakuwa wewe hata kwenye hadithi yenyewe. Mimi nililelewa na mke wa baba, na niliposoma habari hii ukubwani nilimpigia simu usiku huohuo.

Halafu, Baba Watatu, hao ndugu nao walifiwa na baba, 1796, Jacob akiwa na miaka kumi na mmoja. Yatima hawa ndio waliokusanya hadithi zilizojaa yatima. Sidhani ni bahati tu.

Bibi wa Wiyoni (anaandikiwa na mjukuu)

Mwanangu, nimesomewa maneno yako nikafuta mato. Mimi nimelea watatu wa mwenzangu na wanne wangu. Mkubwa wa wale watatu ndiye anayenilisha yeo.

Katuni si mbaya, lakini mbona wamtilia za Wajerumani peke yake? Mpe na za kwetu. Mpe ya Hamdani, maskini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama, akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule akamfanyia mambo mpaka akaoa binti wa Sultani. Kisha Hamdani akamsahau paa, na paa akafa kwa uchungu. Hapo kila mtoto wangu alilia, wa kuzaa na wa kambo, na wote walikuja kulala miguuni mwangu. Stima ikipotea ndiyo saa yake. Sema paukwa, yeye aseme pakawa, na wewe ushike mkono wake.

Msomaji wa Mkomani

Bibi, shikamoo. Hiyo ya paa Edward Steere aliipata Unguja akaichapisha London 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Wafaransa wana ndugu yake, yule paka mwenye viatu wa mwandishi Perrault, 1697, naye pia humtajirisha bwana wake maskini. Paka yeye anaishia kuwa bwana mkubwa. Ya kwetu ni chungu zaidi, na kwangu mimi ni nzuri zaidi.

Wa Langoni

Nimerudi. Bibi, shikamoo, na Mwenyezi Mungu akupe umri. Nyote nawashukuru, hata wewe Baba Watatu, najua ulimsemea mtoto.

Sikufuta. Jana usiku nilizima televisheni kabla stima haijapotea, nikamwambia, "Yule malkia alikuwa mama wa kambo. Na mimi ni mama wa kambo." Nilitetemeka nikilisema, kwa sababu ndani ya nyumba hii sijawahi kulitamka juu yangu.

Akauliza, "Lamu wako wangapi?"

Tukahesabu wa kichochoro chetu peke yake, kwa vidole. Tukapata watatu. Mmoja ni yule mama wa mahamri, anayempa hamri la bure kila Ijumaa. Hilo lilimshangaza. "Hata yule?" Akarudia mara tatu. Nikamwambia pia ile habari ya kitabu cha kwanza, kwamba zamani malkia hakuwa wa kambo, kuna mtu alibadilisha. Akakunja uso akasema huyo mtu alikosea, na mtu akikosea anafuta kwa raba.

Kisha nikamsimulia ya Hamdani. Paa alipokufa alilia kweli, kifuani kwangu, kanga yote ikalowa. Bado ana hasira na Hamdani mpaka asubuhi hii. Anataka tuirudie, ila paa apande punda aende zake Bremen asife.

Tufaha moja limebaki kikapuni. Sijalikata. Nangoja aliombe mwenyewe.