Tukitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, bili italipwa na nani?

Mtoa mada

Kila jirani akitukwaza, Nairobi huwa na jibu moja: tutoke. Nilisikia hivyo Julai 2025, Tanzania ilipowazuia wageni kufanya biashara ndogondogo kama saluni, uwakala wa pesa za simu na ukarabati wa simu. Hasira naielewa. Hesabu ndiyo sijaiona.

Mimi napinga kutoka, na sababu yangu si undugu wala bendera. Naangalia Uingereza. Walipiga kura 23 Juni 2016, wakaondoka Umoja wa Ulaya rasmi 31 Januari 2020, na mwanzoni mwa 2021 wakawa nje ya soko la pamoja na umoja wa forodha. Wengi hapa wanadhani waliumia kwa sababu ushuru ulirudi. Haukurudi. Mkataba walioafikiana mkesha wa Krismasi 2020 uliacha ushuru kuwa sufuri kwa bidhaa zinazotimiza masharti ya asili, yaani zinazothibitishwa kuwa zimetengenezwa huko kweli.

Kilichowaumiza ni karatasi. Muuza jibini aliyezoea kumtumia mteja wa Ufaransa mzigo kama anautuma mtaa wa pili, sasa alitakiwa awe na tamko la forodha, cheti cha daktari wa mifugo na uthibitisho wa asili. Mwenye kontena mia moja anaajiri mtu wa kazi hiyo na gharama inapotelea humo. Mwenye katoni kumi analipa karibu pesa ileile. Mwishoni mwa 2024, watafiti wa London School of Economics walikadiria kwamba kampuni kama 16,400 ziliacha kabisa kuuza bidhaa Ulaya. Kampuni kubwa zilijipanga, zikaendelea. Ndogo ndizo zilizofunga daftari.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaotaka tutoke: mumefikiria ni nani hapa Kenya mwenye katoni kumi?

Robota la Gikomba

Umeongea vizuri, mkubwa, lakini umeongea kama muuzaji. Wacha niongee kama mnunuzi.

Jumuiya ina ushuru mmoja kwa vitu vinavyotoka nje yake. Tangu Julai 2022 kuna daraja la asilimia 35, na ndani yake wametia nguo, samani, mafuta ya kula, bidhaa za chuma. Hiyo 35 inamlinda nani? Mwenye kiwanda. Inalipwa na nani? Mama anayemvisha mtoto kurudi shule. Na msisahau 2016, marais wetu walipokubaliana kuimaliza mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutunyima AGOA, yaani msamaha wake wa ushuru kwa bidhaa za Afrika, na Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Tungeifuata jumuiya siku ile, soko letu la Gikomba leo lingekuwa linauza nini?

Mnatuhesabia hasara ya kutoka. Hasara ya kukaa nayo ihesabiwe.

Mtoa mada

Sawa, tuihesabu. Lakini ukitoka, ushuru wa nguo utapangwa na nani? Na Hazina ileile inayotafuta mapato kila Juni, ikisukumwa na wenye viwanda walewale. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba 35 itashuka.

Isitoshe, tayari tunaruhusiwa kukengeuka. Mchele kutoka nje ya jumuiya unatakiwa ulipe asilimia 75. Kenya inatoza 35, kwa kibali, kwa miaka mingi sasa. Mchele wa Pakistani unaoupika nyumbani umepitia mlango huo.

Mhasibu wa South C

Hapo ndipo hoja yako inapojikata yenyewe. Kama kila nchi inaomba msamaha wake kila mwaka, ushuru wa pamoja uko wapi? Misamaha inachapishwa kwenye gazeti rasmi la jumuiya mwisho wa Juni na kuanza kutumika Julai mosi. Aliyeagiza mzigo Mei anajua bei yake baada ya meli kung'oa nanga.

Na misamaha hiyo inazaa ugomvi. Mwaka 2018 Tanzania na Uganda zilitoza peremende, chokoleti na juisi za Kenya asilimia 25, zikidai tumetumia sukari ya viwandani iliyoingia bila ushuru. Tukabishana miezi na miezi. Tanzania imewahi kuchoma vifaranga vyetu pale mpakani Namanga. Na sisi si watakatifu: Machi 2021 tulizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na maziwa ya Uganda tumeyasumbua zaidi ya mara moja. Uingereza ilitoka kwenye soko linalofanya kazi, kwa hiyo ilikuwa na kitu cha kupoteza. Sisi tutapoteza nini ambacho hatujakipoteza tayari?

Wakala wa forodha, Malaba

Nakujibu, mhasibu, maana hicho unachosema hakipo ndicho kinachonilisha.

Kabla ya 2014 mzigo wa Kampala ulikuwa unatoka Mombasa kwa dhamana, unafika mpakani, unaanza upya. Makaratasi upande huu, makaratasi upande ule, halafu mtu anasubiri dhamana yake ifutwe ndipo pesa zake ziachiliwe. Sasa kuna eneo moja la forodha. Mwenye mzigo wa Uganda anatoa tamko na kulipa kodi kwa Uganda mzigo ukiwa bado Mombasa. Lori linatiwa kufuli ya kielektroniki, na hapa mpakani Malaba linakaguliwa mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Foleni bado zipo, sikatai, kuna wiki dereva analala hapa mpaka anajua majina ya mbwa. Lakini hiyo ni foleni moja, si mbili.

Mwingine ambaye hamjamtaja ni mama wa Busia. Anavuka na bidhaa za humu jumuiyani zisizozidi dola 2,000, anajaziwa cheti rahisi cha asili palepale mpakani, anapita bila ushuru wa forodha. Hana wakala. Mimi sipati hata shilingi kwake, na namtetea. Mtoa mada, mwenye katoni kumi ndiye huyo.

Halafu kumbukeni Uganda haina bahari lakini ina chaguo. Dar es Salaam iko pale.

Robota la Gikomba

Mama wa Busia alikuwa anavuka kabla ya jumuiya na atavuka baada yake. Njia za panya hazina mkataba.

Wakala wa forodha, Malaba

Atavuka, ndiyo. Kwa kumlipa mtu.

Mzee wa Makongeni

Watoto wangu, jambo hili si geni. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977. Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka 1983. Viwanda vya Nairobi vilivyojengwa kulisha nchi tatu vikabaki na Kenya, pamoja na Uganda ya Amin ambayo haikuwa na pesa. Malori yetu ya Zambia yakakosa njia, maana njia ilikuwa Tanzania. Watu husema Kenya ilipata kwa sababu mwaka huohuo tulianzisha Kenya Airways. Ndege tulipata. Wateja wa kusini tukawakosa.

Kugawana mali kulichukua mpaka 1984, akaletwa Mswisi, Victor Umbricht, kusuluhisha. Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Reli, bandari, posta, ndege, madeni, pensheni. Kule Tanzania wafanyakazi wa zamani wa jumuiya waliendelea kudai haki zao miaka mingi sana baadaye. Mkataba mpya ukatiwa saini Arusha 1999. Kuvunja hakukutuchukua hata mwaka, kurudi kukatuchukua zaidi ya ishirini.

Robota la Gikomba

Mzee, heshima yako. Lakini 1977 watu walifungiana milango kwa hasira. Nchi inaweza kutoka kwa taratibu. Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Nani alikufa njaa?

Mhasibu wa South C

Umenitangulia. Na hii ndiyo hoja ambayo wapinzani wa kutoka hawaigusi. Kenya ikitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, bado iko COMESA. Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia nazo zimo. Uganda ndiyo mnunuzi wetu mkubwa Afrika, na kwenye soko lake tungeendelea kuuza bila ushuru kupitia COMESA. Tutawakosa Tanzania na Sudan Kusini. Hiyo ni hasara inayopimika, si kiama.

Mfungasha maua

Mimi niko kwenye maua, na naona pande zote mbili zinakwepa jambo. Oktoba 2014 jumuiya ilichelewa kukubaliana na Ulaya kuhusu mkataba wa biashara. Wenzetu wote walihesabiwa kama nchi maskini zaidi, wakaendelea kuingiza bidhaa bila ushuru. Kenya peke yake ikatozwa, karibu miezi mitatu. Waridi likikaa hata siku moja zaidi ni hasara, sembuse kutozwa ushuru wakati mshindani wako Ethiopia hatozwi. Tuliadhibiwa kwa kungojea kundi.

Lakini baadaye tuliacha kungojea, na hatukutoka. Desemba 2020 tukatia saini na Uingereza, maana kipindi chao cha mpito na Ulaya kilikuwa kinaisha nasi tungebaki nje. Desemba 2023 tukatia saini na Ulaya hapahapa Nairobi, ukaanza Julai 2024. Wengine wakitaka wataingia.

Na kwa kuwa mmetaja Uingereza: kutoka kwao kulitugusa hata sisi. Ua linalokwenda London moja kwa moja lilikuwa na msamaha. Linalopitia mnada wa Aalsmeer Uholanzi, kama biashara ilivyozoea, likaingia kwenye matatizo ya ushuru wa asilimia 8. Ilibidi Uingereza isimamishe ushuru huo Aprili 2024, hata kwa maua yanayopitia nchi ya tatu. Miaka mitatu na zaidi kutatua jambo ambalo mwanzo halikuwepo.

Mtoa mada

Asante, mfungasha, umenipa jibu la mhasibu. Hoja ya COMESA ndiyo nzito kuliko zote hapa na ninaichukua kwa uzito. Lakini COMESA tuliyo nayo ni eneo la biashara huru. Ushuru sufuri, ndiyo, mradi uthibitishe asili ya kila mzigo kwenye kila mpaka. Ile kazi ya wakala wetu, ya kulipa Mombasa na kukaguliwa mara moja, si ya COMESA. Yaani tutakuwa hasa pale Uingereza ilipo leo: sufuri kwenye ushuru, mlima kwenye karatasi. Bidco wa mafuta ya kula na wenye vinu vya chuma wataupanda mlima huo. Fundi wa viatu wa Kariokor anayetuma jozi hamsini Mbale, Uganda, atamwacha mteja.

Tanzania kutoka COMESA haikuuma kwa sababu ilibaki na jumuiya yetu kaskazini na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kusini. Ilitoka chumba kimoja ikiwa na funguo za viwili. Sisi tukitoka, ufunguo wa kusini hatuna.

Mhasibu wa South C

Hilo la fundi nakupa. Sikupi la misamaha. Kama tunakaa, basi orodha ya misamaha itoke Machi, si mwisho wa Juni, na nchi inayozuia mzigo wa mwenzake ilipe fidia. Bila hayo mawili narudi upande wangu.

Robota la Gikomba

Na 35 ya nguo?

Mtoa mada

Pigania ishuke, nitasimama nawe. Mawaziri wa fedha wa jumuiya hukutana kabla ya bajeti kila mwaka, na wenye viwanda hufika na barua zao. Wauza mitumba na mafundi wa nguo sijawahi kusikia wamepeleka hata moja. Njia ya kutoka ni Ibara ya 145 ya Mkataba: theluthi mbili ya wabunge wote, kwetu ni 233, halafu notisi ya miezi kumi na miwili. Ukiweza kupata wabunge 233 wa kututoa, unaweza kupata waziri mmoja wa kubeba barua yako.

Robota la Gikomba

Waziri mmoja ni mgumu kuliko hao 233. Lakini barua tutaandika. Wakala, unajua inapelekwa wapi?