Maiki ya ndani imegoma: nitengeneze au ninunue hedseti ya USB?

Mwl_Rehema, Morogoro
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani ya kipande kimoja, ile ambayo mashine yote imo ndani ya skrini, maiki iko juu pembeni mwa kamera. Nafundisha Kiswahili kwa wanafunzi walioko Ujerumani. Wiki iliyopita niliitoa Windows 10 nikaweka 11, na tangu hapo wananiona ila hawanisikii. Spika ni nzima. Fundi mmoja mjini kasema maiki imeungua, anataka 85,000 abadilishe. Shemeji yangu anasema niachane na maiki hiyo, ninunue hedseti. Nishike lipi? Keshokutwa nina kipindi, na matamshi hayafundishiki kwa kuandika.

bomani_ke, Nairobi
Pole sana mwalimu. Mimi nasema hedseti ya USB. Hiyo huja na sakiti yake ya sauti, haitegemei ile ya kompyuta. Unachomeka, unaichagua kwenye Zoom, unafundisha. Tena maiki ikiwa karibu na mdomo hushika sauti yako kuliko ile ya skrini inayookota kelele za chumba kizima.

Kijana_wa_Tabata
Kwa nini asichukue ya Bluetooth? Haina waya wa kumsumbua.

bomani_ke, Nairobi
Kwa kufundisha matamshi, hapana. Bluetooth ya kawaida ukiwasha maiki yake, sauti hushuka kuwa kama ya simu: sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na masikioni mwako nako inapungua. Mwanafunzi anayejifunza kutofautisha "thamini" na "dhamini" anahitaji kusikia vizuri. Waya ni bora.

FundiSeif, Mombasa
Ngojeni kwanza. Dada Rehema, usitoe hata senti. Maiki iliyonyamaza wiki ileile uliyobadilisha Windows, mimi siamini kwamba imeungua.

Fungua Mipangilio, sehemu ya faragha, halafu maikrofoni. Kuna swichi zaidi ya moja pale. Washa zote, hasa ile ya chini inayohusu programu za kawaida za kompyuta, maana Zoom uliyoipakua kwenye tovuti yao inaifuata hiyo. Watu wengi huwasha ya juu wakadhani wamemaliza.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, nenda kwenye ukurasa wa kurekodi. Bonyeza kulia mahali patupu uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. Maiki ikijitokeza na rangi ya kijivu, iwashe.

Isipoonekana kabisa, andika devmgmt.msc uangalie kama kuna kifaa chenye alama ya njano. Mashine nyingi za miaka hii hupitisha maiki ya ndani kwenye draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya Intel, si ya Realtek, watengenezaji wa chipu za sauti, peke yake. Ndiyo maana spika zinaweza kulia huku maiki haipo.

Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote: weka Ubuntu, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka humo bila kuisakinisha, urekodi. Ikishika sauti, maiki ni nzima na shida ni Windows. Isiposhika, hapo ndipo tuzungumze habari za kufungua skrini, na hiyo si kazi ya kukimbilia. Kioo kikipata ufa, gharama yake si 85,000 tena.

mama_Nuru
Akikwama kabla ya kipindi, aingie Zoom kwa simu vilevile. Simu ibebe sauti, kompyuta ibaki na picha. Azime maiki na spika za kompyuta, la sivyo mwangwi utawatoa wanafunzi darasani.

Mwl_Rehema, Morogoro
Nimerudi. Swichi zote zilikuwa zimewashwa, na kwenye mmsys.cpl hapakuwa na maiki hata ya kijivu. Mpwa wangu akaniandalia flashi ya Ubuntu. Nikasema "moja, mbili, tatu", mstari wa sauti ukapanda! Maiki nzima kabisa. Tukarudi Windows, devmgmt.msc ikaonyesha alama ya njano, tukachukua draiva ya sauti ya modeli yangu kwenye tovuti ya mtengenezaji, tukaisakinisha na kuwasha upya. Sasa nasikika.

Kaka Seif, Mungu akubariki. Zile 85,000 nilikuwa nimeshazitenga.

Hedseti ya USB nitanunua hata hivyo, bomani. Masika yakianza hapa, mvua ikipiga bati, maiki ya skrini haisikii kingine. Waya wa mita ngapi unatosha kwa mtu anayesimama ubaoni?

bomani_ke, Nairobi
Ukisimama, chukua wa mita mbili na uongeze waya wa USB wa kurefushia. Na uchomeke nyuma ya mashine, usije ukaukanyaga.