Baba anapaliwa na maji tangu atolewe sehemu ya kikoromeo

Binti_Kilosa
Habari zenu wakuu. Baba ana miaka 63, alikutwa na saratani ya koo, akatolewa sehemu ya juu ya kikoromeo. Sauti anayo, ya kukwaruza. Shida ni kumeza. Uji mzito unapita kwa taabu, ila maji, hata ya kijiko, yanampalia mpaka machozi yanamtoka. Bado ana mpira wa puani. Shangazi zangu wanasema tunamtesa mgonjwa kwa kiu. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Mama_Wawili
Pole sana mdogo wangu. Jaribuni mlenda, unateleza wenyewe.

DerevaMstaafu
Pole mwanangu. Mlenda subirini kwanza, kuteleza haraka ndiko tunakokuogopa.

Mimi nilikatwa hapohapo mwaka 2019, kisha nikachomwa mionzi Ocean Road. Juu ya njia ya hewa kuna kifuniko kinachoinama ukimeza. Kikiondolewa, maji yanawahi kufika kabla koo halijajibana. Uji mzito unakwenda taratibu, unakupa nafasi. Supu ya vipande ndiyo mbaya zaidi: wewe bado unatafuna, mchuzi umeshatangulia.

Mtaalamu wa tiba ya usemi (kumeza nako ni kazi yao, wengi hatujui) alinifundisha hivi: vuta pumzi, ibane, meza ukiwa umeibana. Usivute pumzi nyingine. Kohoa, meza tena, ndipo upumue. Nilianza na mate matupu, nikaja mtori uliosagwa, kijiko cha chai kwa kijiko cha chai. Lakini baba asianze kwa kusoma hapa. Aonwe kwanza, mwenye matatizo ya moyo, kwa mfano, kubana pumzi hivyo kunaweza kumdhuru.

Halafu wageni. Sisi wazee tuna tabu moja: mtoto akiingia na shikamoo yake, lazima umpe marahaba, hata kijiko kikiwa mdomoni. Mimi ndipo nilipokuwa napaliwa vibaya. Mke wangu akaweka amri, nikila hakuna kusalimiwa wala redio. Ale ameketi wima, akimaliza asilale kama nusu saa hivi. Na apigwe mswaki hata kama chakula kinapita kwenye mpira, maana mate machafu yakishuka kwenye mapafu huleta nimonia.

Mzee_Tundu
Naongezea. Mimi nilitolewa kikoromeo chote, napumulia shingoni. Kwetu njia ya hewa na ya chakula zimetenganishwa, kwa hiyo kupaliwa namna hiyo si shida yetu; mimi nyama hunasa, umio ulibana wakanitanua. Dada, ushauri wa mtu wa aina yangu usiuchukue kwa baba.

Binti_Kilosa
Asanteni wazee wangu. Mtorini hakohoi kabisa. Nimwongezee?

DerevaMstaafu
Kutokohoa si uthibitisho, mwanangu. Baada ya upasuaji na mionzi koo linaweza kufa ganzi, chakula kikaingia kwenye mapafu kimyakimya. Msikilize akishameza: sauti ikiwa ya majimaji, au jioni homa inapanda, acheni kumlisha kwa mdomo, mrudisheni hospitali. Kwenye kitengo cha masikio, pua na koo ulizieni picha ya eksirei ya kumeza, ile ya kunywa dawa nyeupe. Kabla ya hapo mpira usitolewe, na maji yake yapite humohumo. Shangazi zako waite wayaone yakipita.